Penalti ya Podolski, usiku wa Genoa na kipa asiyeisha mtandaoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 16, ni kipa wa timu ya mtaani kwetu hapa Tanga. Simu yake imejaa video za makipa, na anayejirudia kuliko wote ni Mserbia mmoja, Vladimir Stojković, akiokoa penalti ya Mjerumani Lukas Podolski kwenye Kombe la Dunia la 2010. Jamaa ameshastaafu, hakuwahi kuchezea Real Madrid wala Bayern, lakini mtandaoni haishi. Kuna nini kwake? Halafu mdogo wangu anataka naye akate vipande vya kudaka kwake awe anavirusha kila siku ili aonekane. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako limenigusa kwa sababu vijana ninaowafundisha nao wananionyesha video hiyo hiyo, na kila mara huwa nawauliza: mechi iliyotangulia mmeiona? Bado sijapata aliyeiona. Kwa hiyo nianzie huko.

Tarehe 13 Juni 2010 Serbia walifungua mashindano mjini Pretoria dhidi ya Ghana. Lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika, na Ghana ilikuwa timu yetu sote. Niliitazama mechi ile kwenye banda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na mle ndani hapakuwa na mtu hata mmoja wa Serbia. Kocha wa Ghana, Milovan Rajevac, alikuwa Mserbia, akicheza dhidi ya taifa lake. Mechi ikawa ngumu. Aleksandar Luković akatolewa kwa kadi nyekundu, na dakika za mwisho Zdravko Kuzmanović akaunawa mpira ndani ya boksi. Dakika ya 85 Asamoah Gyan akaweka penalti kimiani. Banda zima lilisimama. Kipa aliyefungwa tuta lile ni huyu huyu Stojković, na nakuhakikishia hakuna aliyetoka pale akilikumbuka jina lake. Mimi mwenyewe, ninayeishi kwa kazi ya makipa, siku ile nilikuwa namtazama Gyan tu.

Siku tano baadaye, Port Elizabeth. Ujerumani walikuwa wametoka kuwachapa Australia 4-0, kila mtu anawaogopa. Dakika ya 37 Miroslav Klose akaonyeshwa kadi ya njano ya pili, akatoka. Dakika moja baadaye Milan Jovanović akaifungia Serbia. Kipindi cha pili ukatokea mkosi ule ule: safari hii aliyeunawa mpira ni Nemanja Vidić, beki wa kutegemewa kuliko wote. Mechi ya pili mfululizo, kipa yule yule akasimama kwenye mstari kulipia mkono wa mwenzake. Na waliokuwa mbele yake ni Wajerumani, ambao ndani ya muda wa mchezo walikuwa hawajakosa penalti kwenye Kombe la Dunia tangu 1974, Jan Tomaszewski wa Poland alipoizuia ya Uli Hoeness. Podolski akapiga. Stojković akaruka upande uliokuwa wenyewe, akauzuia. Serbia wakashikilia bao lao kwa nusu saa iliyobaki, ikaisha 1-0.

Hicho ndicho kipande kilichomo kwenye simu ya mdogo wako. Na jambo la kwanza linalokifanya kizunguke ni umbo la penalti yenyewe. Penalti haihitaji mtu akueleze. Watu wawili, mpira mmoja, kimya, halafu jibu. Unaweza kuitazama ndani ya daladala bila sauti, bila kujua Kiserbia wala Kijerumani, bila kujua ni kundi gani na pointi ngapi. Mitandao hii inapanga video kwa kuangalia kama mtu amekaa hadi mwisho au amepitisha kidole. Sasa niambie, nani anapitisha kidole mpigaji akiwa ameshaanza kukimbilia mpira? Hakuna. Kwa hiyo mtandao unaona watu wanabaki, unaisukuma kwa wengine, nao wanabaki. Ndiyo maana kipa atakumbukwa kwa penalti kabla ya kukumbukwa kwa chochote kingine alichofanya uwanjani.

Lakini umbo peke yake halitoshi, na nina ushahidi wa mtu huyu huyu. Tarehe 28 Septemba mwaka ule ule, miezi mitatu tu baadaye, Stojković akiwa na Partizan ya Belgrade alicheza na Arsenal kwenye Ligi ya Mabingwa. Andrey Arshavin akapiga penalti, Stojković akaizuia. Jukwaa kubwa, klabu inayopendwa hadi kwenye vijiwe vyetu vya kahawa. Umewahi kutumiwa video hiyo? Mimi imenibidi niitafute. Arsenal walishinda 3-1, basi kazi ile ikafukiwa na matokeo. Ustadi ulikuwa ule ule, pengine mzuri zaidi. Cha Port Elizabeth kinaishi kwa sababu Ujerumani walilala siku ile, na kwa sababu nchi ndogo yenye watu wasiofika milioni kumi inakirudia kila inapotaka kujikumbusha kwamba iliwahi kufanya jambo mbele ya dunia nzima. Kombe la Dunia linapokaribia, kinatolewa tena. Tarehe 18 Juni ikifika, kinatolewa tena.

Sasa nikupeleke kwenye sehemu ambayo mdogo wako huenda haijui, nayo kwangu ndiyo inayoeleza mengi zaidi.

Stojković alilelewa na Red Star ya Belgrade na akawa bingwa nao. Mwaka 2010, baada ya kuzunguka Ulaya, alirudi nyumbani kwa mkopo kutoka Sporting ya Ureno, lakini akaenda Partizan. Wewe ni Mtanzania, sina haja ya kukueleza kwa kirefu maana ya mtu kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, yaani kutoka Simba kwenda Yanga. Juma Kaseja aliwahi kuvuka, tena ni kipa, na tunakumbuka maneno yaliyosemwa. Ivo Mapunda naye alidaka pande zote mbili. Sisi tunagombana, tunatukanana redioni, wiki inayofuata tunakunywa chai meza moja. Belgrade mambo ni mazito zaidi. Mashabiki wa Red Star wanajiita Delije, wa Partizan wanajiita Grobari, yaani wachimba makaburi, na kati yao kuna makundi ambayo mpira kwao ni kisingizio.

Oktoba 2010 Serbia walifungwa nyumbani na Estonia 3-1, Stojković akiwa golini. Siku nne baadaye, tarehe 12, walikuwa Genoa kucheza na Italia kuwania kufuzu Euro 2012. Watu waliosafiri kutoka Serbia, wakijiita mashabiki wa timu ya taifa, walilivamia basi la timu yao wenyewe wakimtafuta kipa wao wenyewe, kwa fataki za moto. Stojković hakuwa katika hali ya kucheza, na hakucheza. Uwanjani mtu mmoja aliyeficha uso, Ivan Bogdanov, alipanda juu ya uzio na kukata wavu mbele ya kamera za dunia. Mechi ilichelewa kuanza, ikachezwa dakika chache tu, mwamuzi akaikatisha. UEFA ikawapa Italia ushindi wa 3-0.

Hesabu na mimi: kutoka Port Elizabeth hadi Genoa ni miezi minne haijatimia. Kijana aliyebebwa mabegani na taifa Juni, Oktoba anatafutwa ndani ya basi na watu waliovaa rangi za taifa hilo hilo. Naitazama habari ile hadi leo na bado inaniuma, kwa sababu nafasi ya kipa imejaa upweke tayari. Beki akikosea yupo kipa nyuma yake. Kipa akikosea, nyuma yake kuna wavu. Kumwongezea moto juu ya hapo ni ukatili.

Kwa mtandao, usiku ule ulifanya kitu ambacho penalti isingeweza kufanya: ulimjulisha kwa watu ambao hawafuatilii mpira kabisa. Jina lake likaingia kwenye habari za siasa, za polisi, za vurugu. Tangu hapo kila dabi ya Belgrade ikikaribia, au kila mchezaji anapovuka kutoka Red Star kwenda Partizan, mtu analitaja. Wengine wanamtaja kwa mapenzi, wengine kwa chuki ambayo haijapoa. Mtandao hautofautishi. Anayebonyeza kwa hasira na anayebonyeza kwa fahari wote wanahesabiwa mmoja mmoja, namba inapanda. Ukiona video ya kipa huyu ina maelfu ya maoni, soma maoni yenyewe kabla hujasema anapendwa. Kama husomi Kiserbia, tumia kitafsiri cha simu, hata kikibabaisha utaelewa ni sifa au ni matusi.

Kuna jambo lingine kuhusu makipa ambalo hesabu za mtandao zinalificha. Kipa yumo ndani ya video za watu wengine. Kombe la Dunia la 2018, Kaliningrad, Serbia walitangulia kuifunga Uswisi kupitia Mitrović. Granit Xhaka akasawazisha, Xherdan Shaqiri akamaliza kazi dakika ya 90, na wote wawili, wenye asili ya Kialbania kutoka Kosovo iliyojitenga na Serbia, wakashangilia kwa kukunja viganja kuwa tai mwenye vichwa viwili wa bendera ya Albania. FIFA ikawatoza faini. Picha zile zimesambaa kupita kiasi, na bado zinatumika kuchokozana kati ya Waserbia na Waalbania. Kipa aliyefungwa mabao yale ni Stojković, akiwa na miaka 34, namba moja wa taifa katika mechi zote tatu. Yaani sehemu ya kuonekana kwake ni kuonekana akiwa ameshindwa, na hakuna kipa aliyedumu ambaye hana fungu hilo.

Halafu kuna majina. Mtu akikuambia "Stojković anatafutwa sana mtandaoni", mwulize yupi. Yupo Dragan Stojković, wanayemwita Piksi, kiungo fundi wa zamani aliyekuja kuifundisha timu ya taifa ya Serbia kuanzia 2021 hadi 2025. Ndiye yule wa video ya 2009, kocha wa Nagoya Grampus, amevaa viatu vya ngozi, mpira unatolewa nje anaupiga bila kuutuliza kutoka kwenye eneo la benchi hadi wavuni, mwamuzi akamtoa. Video hiyo nayo haifi. Yupo pia Stevan Stojanović, kipa na nahodha wa Red Star waliochukua Kombe la Ulaya mjini Bari mwaka 1991, aliyeizuia penalti ya Manuel Amoros wa Marseille. Kwa klabu, hakuna kipa wa Belgrade aliyefanya jambo kubwa kuliko hilo. Vijana wangapi wa Tanga wanamjua? Alidaka kabla ya simu hizi, kanda za wakati ule ni chache na hafifu, na mtandao unakumbuka vizuri kile kilichorekodiwa vizuri. Ongeza kwamba Waserbia wanaandika kwa herufi za Kisiriliki na za Kilatini, wengine wanaandika bila alama juu ya c, basi ukitafuta kwa tahajia moja unapata kipande cha picha. Ndiyo sababu siziamini orodha za "makipa kumi maarufu zaidi mtandaoni" zinazorushwa kila wiki.

Sura ya mwisho ya uchezaji wake ilimpa watazamaji wapya kabisa. Mwaka 2021 alikwenda Saudi Arabia, klabu ndogo ya Al-Fayha kutoka Al-Majma'ah. Mei 2022 klabu hiyo iliifunga Al-Hilal kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Mfalme baada ya sare ya 1-1. Al-Hilal, bingwa wa Asia! Al-Fayha hawakuwahi kuchukua kombe kubwa kabla ya hapo. Kisha Ronaldo akaja Al-Nassr, na ligi ambayo ilikuwa ikitazamwa na wenyeji ikaanza kutazamwa kila mahali. Ndugu zetu wanaofanya kazi Riyadh na Jeddah wameanza kunitumia vipande vya makipa wa huko, kwa maoni ya Kiarabu. Kwa hiyo jina la Stojković linaishi kwa Waserbia wanaojivunia 2010, linaishi kwa Belgrade inayogombana, na linaishi kwa Waarabu wanaokumbuka usiku mmoja wa Mei, na wengi wao hawajui kwamba makundi mengine mawili yapo.

Sasa mdogo wako.

Kurusha video si dhambi, na sitakuambia umnyang'anye simu. Ila aelewe kwamba kipande cha kudaka kinamwambia mtazamaji kitu kidogo sana kuhusu kipa, na kinamwambia kocha kidogo zaidi. Kazi kubwa ya kipa ni ile inayozuia shuti lisipigwe: kusogea hatua mbili mbele ya mstari mapema, kumpigia beki kelele afunge njia, kutoka kwa ujasiri kwenye krosi na kuikumbatia kabla mshambuliaji hajaruka. Ukiifanya vizuri, kwenye video hakuna kitu cha kuona. Kijana anayedaka ili apate kipande huanza kuruka pale ambapo angetembea. Nimewaona. Mpira wa kuja kifuani wanaugeuza uwe wa kuruka, kwa sababu kuruka kunapendeza. Siku mpira unapotea mkononi, anaumia yeye na timu nzima.

Tena angalia kilichokuwa nyuma ya ile penalti. Stojković alifika Afrika Kusini akiwa hana msimu wa maana klabuni. Alikuwa mali ya Sporting lakini anakopeshwa huku na huku: Getafe, kisha Wigan ya Uingereza, ambako alicheza mechi chache tu. Huko nyuma alishapita Leotar ya Bosnia, Zemun, Nantes, Vitesse. Kocha wa taifa, Radomir Antić, aliendelea kumwamini wakati klabu hazikumwamini. Mtu anayekaa benchi wiki baada ya wiki, bila kamera hata moja inayomtazama, akaendelea kufanya mazoezi ya mtu atakayecheza kesho. Akaja kuidakia Serbia mara 84 kati ya 2006 na 2018, hakuna kipa wa Serbia aliyemfikia. Mechi 84, na simu ya mdogo wako inaijua dakika moja.

Umri wake pia unanitia wasiwasi kidogo. Miaka 16 ni mapema mno kusoma maoni ya watu wasiokujua. Kipande kimoja cha mpira uliopita kati ya miguu kitazunguka mtaani kuliko vipande ishirini vya kuokoa, na wenye kucheka watakuwa wanafunzi wenzake darasani. Kama lazima arushe, ukurasa uwe wa timu, ausimamie mtu mzima, na yeye asisome maoni usiku wa kuamkia mechi.

Ombi langu ni hili. Mtafutie kwanza mechi ya Ghana na Serbia, nzima, dakika zote, aitazame hadi pale Gyan anapofunga, kisha amwangalie kipa na si washangiliaji. Halafu ndiyo atazame ya Ujerumani tangu mwanzo, na video ikifika dakika ya 60 ataiona penalti ile kwa macho mengine kabisa.

Na Jumamosi ijayo, mdogo wako akicheza, simama nyuma ya goli lake, simu ikae juu ya kijiti kwa urefu wa bega, rekodi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukata. Usimwambie lini unarekodi na lini hurekodi. Nitumie yote, hata kama ni nzito, tutaigawanya. Kama amefungwa bao, nitaanza kutazama dakika kumi zinazofuata.